Mama Prezidenti na Mwezi wa Sufuria Kubwa

Kalenda Mama Prezidenti aliipenda kwa sababu ya picha yake. Kila mwaka mpya alitafuta moja sokoni, yenye ziwa au farasi, akaipigilia msumari sebuleni, na tangu siku hiyo hakugeuza tena karatasi hata moja. Nyumbani kwake ilikuwa Januari mpaka Krismasi. Ukimwambia, "Mama, tuko Agosti," alikuangalia kwa huruma, kama mgeni aliyepotea njia, kisha akakuuliza:

"Agosti inaivishaka nini?"

Na kweli, Agosti haiivishi kitu. Ni maharage yanayoiva.

Alikuwa rais wa wamama wa kanisa letu hapa Bunia, na cheo hicho kilimkaa mwilini mpaka kikala jina lake. Sidhani kama hata mchungaji alikumbuka jina lake la ubatizo. Mimi nilikuwa jirani yake. Kati yetu kulikuwa na ua wa matete tu, tena wenye tundu ambalo yeye mwenyewe alilipanua ili asizunguke njia kubwa akija kuona nimepika nini. Nilihamia pale nikiwa nimeolewa karibuni, akaniita Bibi-arusi. Akaendelea kuniita hivyo nilipokuwa na watoto watatu na pengo mdomoni.

Alizaliwa milimani, upande wa Kpandroma, na kutoka huko alikuja na majina ya miezi. Kila mwezi mpevu kwake ulikuwa na jina, na jina lilitoka shambani. Kulikuwa na Mwezi wa Kumbikumbi, mvua za kwanza zikitoa wadudu wale ardhini na watoto wakikesha na mabeseni. Kulikuwa na Mwezi wa Majani, ambapo maboga yametambaa lakini hayajazaa, na kila nyumba inakula majani na kusifu afya. Mwezi wa Meno ulikuja na mahindi ya kuchoma. Baada yake, Mwezi wa Wakwe, kwa maana wakwe wana pua ndefu, na mahindi yakikauka kidogo tu utawaona wanafika "kusalimia." Halafu mkubwa wao wote, maharage yakishavunwa na kupigwa: Mwezi wa Sufuria Kubwa.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba haya ni maneno ya mababu. Kisha nikaanza kuona kwamba mababu walikuwa wanaongezeka. Mwaka mmoja tulipata Mwezi wa Mbuzi ya Mchungaji, baada ya mbuzi wa mchungaji kuingia katika mboga zake. Nilimwuliza kama na huo ulitoka milimani.

"Kule kwetu kila kitu iko," alisema. "Hata mbuzi. Hata mchungaji."

Wamama waliotoka Djugu walikuwa na majina yao, na waliotoka upande wa Irumu yao, na kila mmoja aliapa kwamba bibi yake hakukosea. Mama Prezidenti aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akafunga kikao kwa sala, na katika sala hiyo akamshukuru Mungu kwa Mwezi wa Sufuria Kubwa. Mtu hawezi kumpinga mwenzake aliyefumba macho.

Sheria zake za mavuno zilikuwa nyingi kuliko amri za Musa, na kama amri za Musa, nyingi zilianza na hapana. Hapana kupita juu ya maganda ya maharage yaliyolala turubaini. Hapana kupiga mluzi shambani. Mstari wa mwisho wa shamba hapana kuuvuna. Huo ni wa mpita njia. Na iliyo kubwa: hapana mtu kula maharage mapya kabla mama mkubwa wa nyumba hajayaonja mbele ya watu wote, mwezi ukiwa umejaa. Mama mkubwa wa nyumba alikuwa yeye. Na nyumba, kwa hesabu yake, ilikuwa kartie nzima, mtaa wetu wote.

Kwa hiyo tulingoja. Sufuria zilikaa na njaa siku kadhaa huku magunia yakituangalia. Mume wangu, ambaye alikuwa muuguzi na mtu wa sayansi, alisema katika nyumba yake maharage yatapikwa yakiwa maharage. Mama Prezidenti alipita katika tundu la ua, akasimama mbele yake, akamwuliza kama huko hospitalini mgonjwa anaweza kujichoma sindano mwenyewe. Mume wangu akala muhogo wiki ile.

Halafu siku moja nilizunguka nyuma ya jiko lake kuazima kinu, nikamkuta ameinama juu ya kisufuria kidogo, mashavu yamejaa. Mwezi ulikuwa bado nusu. Tuliangaliana. Alitafuna polepole, akameza, akajifuta kwa kanga.

"Naonja chumvi," alisema.

"Chumvi tu, mama?"

"Bibi-arusi, unafikiri mi nitaonja mbele ya watu wote kitu yenye sijui utamu yake? Kama ni mubaya?"

Siku ya kuonja ilipofika alichukua kijiko cha kwanza, akafumba macho, akashtuka kwa furaha kama mtu ambaye hajaonana na maharage mwaka mzima. Wamama wakapiga vigelegele. Mimi nilipiga kuliko wote.

Mtu pekee ambaye hakumwogopa alikuwa Mama Samaki. Huyu aliishi nyumba ya tatu kutoka kwangu, mjane, mtu wa Mahagi-Port kule ziwani, aliyeuza samaki wa chumvi na dagaa. Alikuwa mwembamba na mkavu kama bidhaa yake, na sauti yake ilivuka soko bila kuomba njia. Hao wawili walikuwa marafiki, lakini wangekataa mbele ya mahakama. Kila jioni Mama Samaki alipita na beseni tupu kichwani, akaketi kwenye kibao kile kile, na ugomvi ukaanza.

Chanzo kilikuwa mwezi. Kwa watu wa ziwa, mwezi mpevu ni msiba. Dagaa huvuliwa kwa taa. Mwezi ukiwaka, samaki hawaijali taa, wavuvi wanalala, nyavu zinaning'inia zimekauka, na muuzaji anarudi na beseni jepesi. Kwa hiyo Mama Samaki alikuwa na jina moja tu kwa miezi yote kumi na miwili: Mwezi wa Njaa.

"Mwezi ikijaa, siye tunakula," alisema Mama Prezidenti.

"Mwezi ikijaa, siye tunalala njaa," alisema Mama Samaki.

"Ni juu ya vile munamuibiaka samaki katika giza. Kazi ya mwizi inaharibikaka kukiwa mwangaza."

"Na weye, maharagi yako unaitega na taa? Iko inakungoja tu pale, haina hata miguu. Kuvuna kitu haina miguu, ni kazi hiyo?"

Walicheka, wakatukanana, na mwishoni Mama Samaki aliacha dagaa kidogo katika jani, na Mama Prezidenti akamtilia maharage katika beseni, na kila mmoja akalalamika kwamba ametapeliwa.

Vita vilipoingia Bunia viliingia na swali. Vilitaka kujua babu yako alitoka wapi. Mtu uliyeimba naye kwaya alikuuliza swali hilo kwa macho kabla hajalitoa mdomoni. Mwezi huu liliulizwa na hawa, mwezi ujao na wale, kulingana na nani ameshika mji. Sitayataja makabila hapa. Waliokuwepo wanajua, na ambao hawakuwepo hawatafaidika.

Njia ya kwenda shamba la wamama wa kanisa, nje ya mji, ilifungwa. Aliyekwenda kuvuna huko hakuwa na hakika ya kurudi. Mama Prezidenti alikaa siku mbili bila kugombana na mtu, jambo lililotutia hofu kuliko risasi. Siku ya tatu alichukua jembe, akaenda kwenye ua wa kanisa, akang'oa bustani yote ya maua ya mchungaji. Mchungaji alitoka mbio na kitambaa cha chakula bado shingoni.

"Mama Prezidenti! Maua yangu!"

"Mchungaji," alisema bila kuinua mgongo, "hii maua unakulaka na mafuta ao bila mafuta?"

Tulipanda maharage palipokuwa na maua, na kando ya choo cha kanisa, na kuzunguka nyumba zetu mpaka chini ya madirisha. Mvua ilikuwa nzuri. Mvua haikujua kitu. Maharage yakapanda juu ya ua wangu wa matete na kuziba lile tundu, na Mama Prezidenti akalikata upya.

Yalikauka katika majuma mabaya kabisa. Mji ulikuwa umebadilisha mikono tena, na vijana wenye silaha walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba. Mara hii walitafuta watu wa upande wa marehemu mume wa Mama Samaki. Yeye mwenyewe hakuwa wa upande ule, lakini jina la mume lilitosha, na samaki wake walijulikana na kila mtu.

Mchana ule mume wangu alikuwa hospitalini, watoto nilikuwa nimewapeleka kwa mchungaji, na mimi nilikuwa katika ua wa Mama Prezidenti, tunapiga maharage kwa fimbo juu ya turubai. Tulisikia risasi upande wa mto. Hatukusimama, siku zile ukisimamisha kazi kwa kila risasi hungekula. Mara Mama Samaki akatokea katika tundu la ua. Hakuwa na beseni, na kiatu kilikuwa kimoja.

"Wanakuya," alisema. "Wameshaingia kwangu."

Mama Prezidenti hakumwuliza kitu. Alimshika mkono akamwingiza katika kibanda cha jiko, akamkalisha nyuma ya mafiga, akatupa kuni mbichi motoni mpaka moshi ukajaa kama ukuta. Juu ya moto kulikuwa na sufuria. Ndani yake maharage mapya, yamewekwa muda si mrefu, bado magumu kama changarawe. Kisha akarudi, akaketi, akaokota fimbo.

"Piga, Bibi-arusi," aliniambia. "Unapiga kama unabembeleza."

Walikuwa watatu. Mkubwa wao labda alikuwa na miaka ishirini, amevaa koti la mvua la mwanamke. Walisimama mlangoni mwa ua na bunduki zao.

"Muke wa samaki iko wapi?"

Mama Prezidenti alinyoosha fimbo yake, akaonyesha miguu yao.

"Rudisheni miguu nyuma! Munakanyaga maharagi! Hamuna mama?"

Na wakarudisha. Niliona kwa macho yangu. Wale vijana waliotoka kuvunja milango nyumba mbili tu nyuma yetu, waliinua miguu wakairudisha kama kuku wanaofukuzwa.

"Tunatafuta..." alianza yule mwenye koti.

"Nimesikia. Kwanza sikia na weye. Hii ni nyumba ya maharagi mapya, haiyaonjwa bado. Mutu akiingia na bunduki kabla ya kuonja, mbegu inaoza. Ya kwangu itaoza, na ya mama yako vilevile, kule kwenu. Unataka mama yako apande nini mwaka unakuya? Bunduki?"

Katika miaka yangu yote karibu naye sikuwahi kuisikia sheria hiyo. Ilikuwa inazaliwa pale pale mbele yangu. Yule mdogo wao akamwangalia mwenzake. Uso wake ulionyesha kwamba anamfikiria mama yake.

"Wekeni hizo vitu pale ukutani," alisema Mama Prezidenti, "mukae chini, mule. Mukishakula, mutafanya yenye mulikuya kufanya."

Sijui kama ilikuwa njaa au ile sauti iliyozoea kuamrisha wamama mia katika kanisa. Wawili wakaketi. Yule mwenye koti alibaki amesimama, akainua pua.

"Hapa inanuka samaki."

Ni kweli ilinuka. Mama Samaki alinuka samaki hata siku ya Pasaka.

"Kwani unaniona masikini?" Mama Prezidenti akamjibu. "Nitapikia wageni maharagi bila samaki?"

Akaingia jikoni mwenyewe, akatoka na sahani. Waliyala maharage yale magumu, nikayasikia yakipasuka katika meno. Hakuna aliyelalamika. Yule mwenye koti aliketi mwishowe, akala akielekea kibanda. Moshi ulikuwa umeanza kupungua. Kutoka nilipokuwa niliuona mguu, na ulikuwa hauna kiatu. Kama mimi niliuona, na yeye aliuona. Aliuangalia huku kijiko kikienda na kurudi.

"Sasa mumekula," Mama Prezidenti alisema, na hapa sauti yake ilipungua kwa mara ya kwanza. "Mwenye amekula maharagi ya kwanza ya nyumba, hapana gusa mutu wa ile nyumba. Mutu yeyote mwenye iko ndani. Akigusa, hiyo chakula itamugeukia katika tumbo."

"Hiyo desturi ni ya nani?" aliuliza mwenye koti.

"Ya mama yako. Enda umuulize."

Kijana akaangalia tena kule jikoni, akakwangua sahani yake, akala kijiko cha mwisho, akaiweka chini taratibu.

"Twende," aliwaambia wenzake. "Hapa hakuna mutu."

Walipotoka, Mama Prezidenti alitaka kuinuka akashindwa. Aliketi juu ya maganda ya maharage, yeye aliyetukataza hata kuyaruka, fimbo ikamwanguka.

"Ni mugongo," aliniambia.

"Ndiyo, mama."

"Mukiulizwa, ni mugongo."

Mama Samaki alitoka jikoni akitambaa, macho mekundu, pua inachuruzika, masizi usoni. Alikaa kando ya mwenzake. Akachukua sahani ya yule mwenye koti, akaokota harage moja lililobaki, akalitafuna kwa shida.

"Haina chumvi," alisema.

Wakaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na mimi nikaenda kufunga mlango wa ua ili nisiwaangalie.

Kesho yake asubuhi mume wangu alipata kamio, lori lililokuwa likienda Mahagi. Tulimfunika Mama Samaki kitenge cha wamama wa kanisa cha Mama Prezidenti, tukampandisha juu ya mizigo. Wao wawili hawakuagana. Mama Prezidenti alikuwa anamgombeza dereva kuhusu matairi, na kamio ikaondoka. Njia ile ilikuwa mbaya, na habari zilizorudi kutoka huko majuma yaliyofuata zilikuwa mbaya zaidi. Habari za Mama Samaki hazikurudi kabisa, mwaka ule wala uliofuata.

Mama Prezidenti hakuwahi kumlilia mbele yetu. Aliendelea na miezi yake, na kusema kweli alizidi kuwa msumbufu. Ila kibao kile cha Mama Samaki hakuruhusu mtu akikalie. Mgeni akikielekea, aliambiwa kina msumari. Nilikikagua. Hakikuwa na msumari.

Na ile sheria yake ya kuzaliwa ghafla haikufa. Miaka baadaye, mji umetulia kidogo, nilikuwa sokoni nikamsikia mwanamke nisiyemjua akimfundisha binti yake kwamba silaha haiingii katika nyumba ambayo haijaonja maharage mapya. Nilimwuliza aliitoa wapi. "Ni ya zamani hiyo, ya mababu," alisema. Nikamwambia hata mimi nimewahi kuisikia. Nilipomsimulia Mama Prezidenti hakucheka hata kidogo. Alisema ni vizuri watu wanaanza kurudia maadili.

Mara ya mwisho tulipokutana kwa mazungumzo marefu, sisi tulikuwa tumeshahama kartie. Mchungaji alinitumia ujumbe: Mama Prezidenti anasafiri, ananitaka kwenye kituo cha magari asubuhi. Nilimkuta ameketi juu ya gunia la maharage, amevaa viatu vipya vinavyombana, amezeeka, amepungua mwili, anagombana na dereva wa kamio kwamba nafasi ya mbele ni yake.

"Bibi-arusi! Umechelewa. Musaidie huyu mutoto aelewe."

"Unakwenda wapi, mama?"

"Mahagi-Port."

Nilidhani sikusikia vizuri. Yeye aliyekuwa akiogopa maji, hata ya Mto Shari hapo karibu. Akanieleza kwa haraka, macho yake kwenye viatu. Mfanyabiashara mmoja wa samaki alikuja kanisani na salamu. Mama Samaki yuko. Alifika salama kumbe, akakaa ng'ambo ya ziwa miaka mingi, sasa amerudi nyumbani kwake, haoni vizuri, na anauliza kama yule mwanamke wa maharage bado anasumbua watu.

"Anauliza hivyo?"

"Hivyo hivyo. Hana adabu hata leo."

Nilimshika dereva pembeni nikaongea naye, akakubali nafasi ya mbele. Vijana walipandisha gunia. Tulimwinua Mama Prezidenti, mimi na mchungaji aliyekuwa amemsindikiza, mmoja huku mmoja kule, akaketi, akasogeza abiria wawili kwa kiuno chake na kuwauliza kama wamesali. Injini ikawaka. Nilidhani atanipa amri ya mwisho, nilikuwa tayari. Badala yake aliinama dirishani, na uso wake ulikuwa na woga ambao sikuuona hata ile siku ya bunduki.

"Bibi-arusi," alisema taratibu, wenzake wasisikie, "nikifika pale, nitamuambia nini?"

Mwanamke yule hakuwahi kukosa neno.

"Mwambie umefika, mama."

Nilingoja anirekebishe. Alikunja mikono juu ya mapaja, midomo inacheza kama ya mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau. Kamio ilipoanza kusogea nilikuwa bado nimeshika mlango, nikamsikia.

"Nimefika," alikuwa anajifunza. "Nimefika. Nimefika."